Injini Iliyogoma Kufa

Saa nne asubuhi, jua likianza kuchoma mabati ya karakana, fundi aliyezoeleka kwa jina la Grisi alimwona shemeji yake akija na toroli. Alikuwa amepakia mashine ya kukatia nyasi, ya marehemu mumewe. Huyo marehemu alikuwa mdogo wake Grisi, wa tumbo moja.

"Injini imenoki, haizunguki tena, shemeji," alisema mjane. "Mpya nimekuja nayo. Nifungie, nikaendelee na kazi yake."

Grisi alikosa pa kuyaweka macho. Karakana ile baba yao aliwaachia wote wawili. Yeye akabadilisha kufuli mdogo wake akiwa safarini. Miaka sita hawakusalimiana. Mara moja tu mdogo mtu alimeza kiburi, akaja na mashine hiyo hiyo inavuja oili. Grisi alimjibu akiwa amempa mgongo, "Mafundi wamejaa mjini."

Wiki haikuisha. Mdogo mtu alianguka akikata nyasi peke yake kwenye uwanja mtupu. Injini ilinguruma kando yake hadi oili ikaisha, pistoni ikagandana na silinda. Vilipokutwa, mwili na injini, vyote viwili vilikuwa vimeshapoa.

Grisi alifanya kazi, mjane akimtazama kutoka kwenye benchi. Alichomoa kisu cha mashine, akafungua bolti nne, akainyanyua injini ya zamani na kuibwaga sakafuni. Akatoa plagi yake ya kuwashia, akaitia mfukoni. Akajaribu kuuzungusha mhimili wake kwa spana. Haukutikisika hata kidogo.

Akafunga injini mpya, akamimina oili na petroli, akavuta kamba.

Kimya.

Lakini sakafuni, mhimili wa ile ya zamani ulizunguka nusu.

Akajiambia ni macho. Akavuta tena. Ukazunguka mzima.

"Umeona," mjane alinong'ona. Hakuwa anauliza.

Akavuta mara ya tatu, na injini iliyonoki ikawaka. Haina plagi. Haina tone la petroli. Ikanguruma na kuruka-ruka juu ya saruji, ikimsogelea. Ndani ya ule mngurumo mlikuwa na pumzi. Pumzi ya mtu aliyechoka. Grisi aliijua, alilala nayo kitanda kimoja utoto wake wote.

"Mwombe radhi," mjane alinong'ona. "Neno moja tu, shemeji."

Grisi alifungua mdomo. Neno lilifika kooni. Likakwama hapo, kama lilivyokwama miaka sita.

"Mtoe humu!" alifoka.

Injini ikazima papo hapo.

Mjane alisimama taratibu. "Hata leo unamfukuza," alisema. Akaipakia injini ya zamani kwenye toroli bila msaada, akaishika mashine kwa mkono wa pili, akaondoka. Kabla hajafika barabarani aliinama, akavuta kamba mara moja. Injini mpya ikawaka bila shida.

Kesho yake Grisi alifungua karakana mwenyewe. Kufuli lilikuwa salama, madirisha yamefungwa kwa ndani. Juu ya saruji, kuanzia mlangoni, ulilala mstari wa nyasi zilizokatwa muda si mrefu, bado mbichi, bado zinanukia. Uliishia mbele ya kiti chake. Na mwishoni pale nyasi zilikuwa zimebonyea, alama za miguu miwili mitupu, vidole vikielekea kitini.

Alizifagia. Asubuhi iliyofuata zilikuwepo tena, na kiti kilikuwa na joto.