Nilikwambia Naogopa, Lamjed

"Kwani leo tarehe ngapi?" Lamjed aliuliza huku akifunga vifungo vya shati. "Maana naona mwezi umeshaandama humu ndani."

Sihem hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, nywele hazijachanwa, mtoto analia kifuani.

"Lamjed, usiende dukani leo. Nakuomba."

"Idi imebaki wiki moja, mke wangu. Mji mzima wa Sfax unataka vitamu vyetu vya baklava, mimi nikae hapa nikutazame ukilia?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Sihem alishusha sauti kama mtu anayeungama.

"Naogopa kubaki peke yangu na Yosr. Mawazo mabaya yananijia. Akilia, naona bora nisingekuwepo duniani. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe."

Yosr alikuwa na wiki sita tu tangu azaliwe. Lamjed alimtazama mkewe, akatazama saa, akamwita mama yake ghorofa ya chini.

Bi Zohra alipanda ngazi na bakuli la ziriri, ule mchanganyiko wa ufuta na asali wanaolishwa wanawake waliojifungua.

"Kula, binti yangu, upate nguvu. Mimi nimezaa sita. Siku ya saba nilikuwa nakanda mkate."

"Sina njaa, mama."

"Si njaa huna. Shukrani ndiyo huna."

Lamjed akaondoka. Akawaacha hivyo hivyo.

Kusema kweli, alijiona mvumilivu. Tangu waoane, miaka minne, kila mwezi siku kumi kabla ya hedhi, Sihem aligeuka mtu mwingine. Mwalimu wa hesabu aliyependwa na wanafunzi wake alijifungia chumbani akilia, au alirusha sahani kwa neno dogo, kisha damu ikitoka tu anakuwa yule yule mcheshi anayeomba radhi. Lamjed aliziita siku hizo "wiki ya tanuri". Aliweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya dukani ili ajue lini achelewe kurudi, na wateja walimzoea: "Vipi Lamjed, tanuri limewashwa?" Wanacheka, naye anacheka.

Siku moja Sihem alimwomba wafuatane kwa daktari.

"Ukamwambie nini? Kwamba wewe ni mwanamke?" alimjibu. "Mama yangu alipata hedhi miaka thelathini, hakuna daktari aliyejua jina lake."

Hakurudia kumwomba.

Kisha akapata mimba, na miezi yote tisa nyumba ikatulia. Sihem aliimba akipika. "Umeona?" Lamjed alimwambia. "Kumbe ulihitaji mtoto tu." Sihem mwenyewe aliamini.

Wiki mbili baada ya kujifungua giza lilirudi, na safari hii halikuhesabu siku kumi likaondoka.

Baada ya Idi, Lamjed alichoka. Alimpigia baba mkwe wake, Mzee Hedi, kule Mahres.

"Baba, njoo umchukue binti yako."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Halali, haogi, mtoto anamtazama kama wa jirani. Apumzike kwenu."

"Na mtoto?"

"Mtoto anabaki kwa mama yangu."

Lamjed alidhani Sihem atapiga kelele. Wapi! Alimbusu Yosr kwenye unyayo, akaingia garini kwa baba yake bila kugeuka. "Unaona?" Bi Zohra akasema. "Mama gani huyo?" Na Lamjed akakubali moyoni: mama gani huyo.

Jioni alimtumia ujumbe: "Mwanao yuko salama. Wewe tulia huko."

Jibu likaja: "Atapata mama bora kuliko mimi."

Mwingine angeshtuka. Lamjed aliona mke anayemkana mtoto wake. Kesho yake akaenda kwa wakili.

Siku tisa baadaye simu iliita akiwa dukani.

"Lamjed, tuko hospitali ya Mahres," Mzee Hedi alisema. "Siku tatu hajala. Jana kamgawia wifi yake bangili zake zote za harusi, anasema hatazihitaji. Nimemleta. Daktari anakutaka."

Daktari Naziha alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alimkaribisha Lamjed kwenye kiti.

"Nisaidie, kaka. Kabla ya mimba, siku za kabla ya hedhi mkeo alikuwaje?"

Lamjed akatabasamu kwa mazoea. "Ah, daktari, tanuri."

"Sijaelewa."

Tabasamu likamfia mdomoni. Akaanza kueleza: kulia, hasira, kujifungia, siku kumi, kila mwezi. Daktari aliandika.

"Una hakika ni kila mwezi?"

"Nilikuwa naweka alama kwenye kalenda."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Uliweka alama miaka minne?"

"Ndiyo."

"Ulimwonyesha nani?"

"Wateja," Lamjed alisema, akasikia neno hilo lilivyo.

"Sikiliza. Kuna wanawake ambao mwili wao hauvumilii homoni zinapopanda na kushuka. Hali kama ile ya mkeo ni ugonjwa, si tabia. Wakati wa mimba wengine hupata nafuu. Wakijifungua, homoni zinaanguka kwa kishindo. Si wote wanaopata sonona baada ya kuzaa, lakini wako hatarini kuliko wengine. Tungejua mapema, tungemkalia karibu tangu siku ya kwanza."

"Aliniomba nimlete kwa daktari," Lamjed alisema. "Mara moja."

"Ukasemaje?"

Lamjed alisogeza kiti karibu na meza.

"Atapona?"

"Anatibika. Ila asiachwe peke yake, na asipewe la kumuumiza sasa."

Lamjed alitoka mbio hadi kwenye ukumbi, akampigia wakili.

"Ile karatasi, usiipeleke!"

"Ya talaka? Tarishi wa mahakama kaifikisha kwao jana."

Alipoingia wodini, Sihem alikuwa ameketi kitandani, mweupe, mikono mitupu. Karatasi ilikuwa mapajani. Wifi yake, bila kujua ni nini, ndiye aliyemletea pamoja na nguo.

"Sihem, naomba hiyo karatasi."

"Ngoja." Akasoma polepole, kama anamsomea mwanafunzi swali. "'Mke amekiri mwenyewe kwamba anaogopa kubaki na mtoto, hivyo hafai kumlea.'" Akainua macho. "Jikoni tulikuwa wangapi, Lamjed?"

"Nilikosa. Sikujua kama ni ugonjwa."

"Sikukuuliza ulijua nini. Tulikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Nilikuja kwako kuomba msaada," Sihem alisema, "ukanichukulia ushahidi."

Lamjed alipiga magoti kando ya kitanda akalia kwa sauti, wagonjwa wakageuka. Sihem alitazama dirishani.

Mchana ule ule alirudi Sfax kumchukua Yosr. Bi Zohra alimkumbatia mtoto asimwachie.

"Unampeleka kwa mwehu?"

"Si mwehu, mama. Ni mgonjwa, kwa kuzaa."

Bi Zohra alilegeza mikono. Kisha akaketi kwenye ngazi.

"Nilipokuzaa wewe," alisema, "nililia mpaka mizeituni ikavunwa. Marehemu bibi yako alinifungia chumbani, watu wasijue."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza?" Akamkabidhi mtoto.

Ilichukua miezi. Dawa, mazungumzo na Daktari Naziha, mama yake Sihem akilala naye chumba kimoja. Kila Jumapili Lamjed alikwenda Mahres na mfuko wa nepi, akaketi sebuleni na Mzee Hedi. Mwezi wa nne wa matibabu alimsikia Sihem akicheka na mtoto ndani, kicheko chenyewe kile cha zamani, akatoka nje kufuta macho.

Siku ya kikao cha suluhu, hakimu, mwanamke mwenye miwani, alimtazama.

"Bwana, unaendelea na shauri lako?"

"Nalifuta, mheshimiwa. Namtaka mke wangu. Maneno yangu yote nayarudisha."

"Bibi?"

Sihem alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga kitambaa cha kijani. Alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lamjed.

"Mheshimiwa, karatasi anaweza kuirudisha. Maneno nimeshayasikia. Yeye afute lake. Mimi nimefungua langu."

"Sihem!" Lamjed alisimama. "Nimejifunza. Nitakupeleka mwenyewe kila mwezi."

"Najua. Na Yosr atapata baba mzuri. Njoo umwone utakapo, sitakuzuia." Akamgeukia. "Lakini siku mbaya zitarudi, Lamjed. Daktari kaniambia. Zikirudi nataka niweze kusema 'naogopa' nyumbani kwangu, bila kufikiria nani anaandika."

Hakimu akawapa miezi ya kutafakari, kama sheria inavyotaka. Sihem hakubadilika. Majira ya mavuno talaka ilitolewa.

Siku hiyo Lamjed alimbeba Yosr hadi kwenye teksi ya kumrudisha Sihem Mahres. Alisimama ameshika mlango, hataki kuufunga.

"Huna neno lolote la kuniambia?"

Sihem alifikiri.

"Jumapili ukija kumchukua, njoo na kofia yake iliyobaki kwako. Ana mafua."

"Nitakuja nayo," Lamjed alisema, akafunga mlango taratibu.