Jiko la Pili

Majivu ya jiko la pili yalikuwa ya moto, na hakuna aliyekuwa amekoka moto humo. Adela alipuliza vidole vyake, akajiambia labda jirani alipitia hapo alfajiri.

Mwaka ule walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kaengesa, kila mtu alijenga mbiombio mvua zisije zikamkuta nje. Oswaldi, mumewe, mtu ambaye hata kamba ya mbuzi humwachia mkewe aifunge, alijenga majiko mawili. Mwanamume akijenga majiko mawili ana wake wawili, hilo halihitaji kuulizwa, na majirani walimtania kwamba padre alimfungisha ndoa na mmoja tu. Akasema lile lingine ni la mama yake, siku akihamia. Adela akaamini. Alikuwa na pete ya kanisani kidoleni, angeshuku nini?

Jioni moja Oswaldi alilala nyumbani, jioni ya pili akaenda lindo la mgambo, na ikawa hivyo wiki zote. Kisha kamanda wa mgambo akamuuliza Adela kisimani mbona mumewe hajafika lindoni hata mara moja. Adela alirudi na ndoo yake akilia njia nzima. Alijua ana mwenzake. Hakujua bado ni nani.

Siku ya shamba la kijiji Oswaldi alisema mgongo unamuuma, mtoto wao mchanga, Tadei, abaki naye. Adela alirudi mchana matiti yamejaa hadi yanauma. Tadei aligeuza uso. Tumbo lilikuwa limeshiba, na midomo yake ilinuka kimea kilicholowa, ingawa nyumba ile haikuwa imepika pombe tangu wahamie.

"Nani amemnyonyesha mtoto?" Adela alinong'ona.

"Nani tena, Mama Tadei? Tupo wawili tu hapa."

Ng'ambo ya ua, ndani ya jiko la pili, mwiko ukakwangua chungu polepole. Adela alivuka ua, akaweka jicho kwenye upenyo wa mlango, na mle gizani akaona mgongo wa mwanamke aliyeinama juu ya chungu kisicho na moto, mgongo mrefu kupita kiasi, uliopanda hadi kwenye paa na kukunjwa huko juu ili utoshe, na kabla hajarudi nyuma yule mwanamke akaacha kukoroga, kama mtu anayesubiri asalimiwe na mdogo wake.

Ndipo alipomwita Mzee Kalisti kutoka bondeni Mtowisa, mganga aliyesifika kwa kufukuza majini. Mzee aliingia jiko la pili na usinga mkononi. Alitoka nje jasho likimtiririka, Adela na Oswaldi wakimngoja uani.

"Shikamoo, mzee. Ametoka?"

"Marahaba. Kwanza niambieni, nani aliolewa mwanzo humu ndani?"

"Mimi, mzee. Kanisani."

"Sikukuuliza wewe, binti."

Oswaldi alitazama chini. "Yule," alisema. "Nilimuoa kule bondeni nikiwa kapera. Tangu hapo ulezi wangu haujapungua ghalani. Ila hazai. Akaniambia nimtafutie mke mdogo wa kumzalia." Akamgeukia mkewe. "Nisamehe, Adela."

Tangu Adela ajifungue, Oswaldi hakuwahi kumwita kwa jina. Mama Tadei alikuwa mwingine sasa, na moyo wa Adela ulivunjika kwa hilo kuliko kwa jini lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, nao walikuwa wamelala shuka moja.

Mzee Kalisti alianza kufunga mkoba wake. "Mimi hufukuza wageni," alisema kwa sauti ya chini. "Mke mkubwa hafukuzwi kwake. Mgeni hapa ni wewe."

Adela hakungoja amalize. Alimfunga Tadei mgongoni akaelekea njiani, lakini mtoto alilia akifurukuta, mikono akiinyoosha kwenye jiko la pili, kama mtoto aliyebebwa na mtu asiyemjua. Oswaldi alimfuata, akafungua kitenge kwa upole, akamchukua. Aliingia naye jikoni. Kilio kikakatika, ikasikika sauti ya kunyonya.

Alitoka mikono mitupu, akasimama katikati ya njia.

"Usiende, Adela," alisema. "Mwenzio anataka na wa kike."