Kipimo Ambacho Mzee Sifael Hakukitaja

Kila asubuhi Elinipendo alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, kisha akarudi kumpikia mkwewe uji. Mume wake, Godbless, alikuwa amepanda Mlima Kilimanjaro kuongoza wageni, kwa hiyo kazi zote za kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, zilikuwa juu yake. Kihamba chao kiko Uru. Migomba imeshikana na kahawa mpaka jua linafika chini kwa kuomba ruhusa. Elinipendo hakulalamikia kazi. Kilichomnyima raha ni hali ya Mzee Sifael, baba yake Godbless.

Mzee Sifael alikuwa mtu wa maneno mengi. Iwe ng'ombe, iwe kahawa, iwe mahubiri ya Jumapili, hakukosa la kusema. Lakini tangu mkojo wake uzibe, alinyamaza. Hospitalini walimwekea mpira wa kutolea mkojo chini ya kitovu. Mkojo uliingia kwenye mfuko, na mfuko aliuficha ndani ya koti refu. Kanisani hakwenda tena. Aliogopa mfuko usije ukavuja katikati ya sala.

Daktari alikuwa amewapa moyo. Alisema njia ya mkojo imekuwa nyembamba, nayo inaweza kufunguliwa kwa upasuaji. Baada ya hapo, mpira utatolewa. Kilichosubiriwa ni kibali cha bima ya afya tu.

Siku moja simu ikaja kutoka hospitalini. Kibali kimekataliwa. Bima wanasema hawaoni kipimo chochote cha njia ya mkojo.

Elinipendo alishangaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mzee Moshi kupimwa. Alikaa kwenye benchi mpaka mzee akatoka chumba cha eksirei, anatembea polepole, uso umemkunjamana.

"Baba, bima wamekataa," alimwambia. "Wanasema hukupimwa njia ya mkojo."

Mzee aligeukia migomba. "Basi waache. Nitakaa na mpira wangu mpaka Mungu anichukue."

"Mpira huo si wa kukaa nao miaka, Baba. Daktari alisema unaweza kuleta vijidudu mwilini."

"Nimesema waache, Mama Rachel," alisema mzee, akimwita kwa jina la mjukuu wake.

Mama Rachel hakuacha. Kesho yake alimpigia mzee koti pasi, akamkazania mpaka akakubali, wakashuka Moshi pamoja.

Kwenye dirisha la bima pale hospitalini walimkuta kijana anayeitwa Yassin. Kazi yake ni kuandaa madai ya bima. Anasoma alichofanyiwa mgonjwa, kisha anakiandika kwa namba ambazo bima wanazitambua.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema Yassin.

Mzee aliitikia kwa sauti ndogo. Yassin akafungua kompyuta, akasoma, akakunja uso.

"Hapa imeandikwa picha ya tumbo. Mzee, siku ile ulipimwa nini?"

Mzee Sifael akakohoa. Akamtazama mkwewe kwa pembeni, kisha akatazama dari.

"Picha ya tumbo," alisema.

Hapo ndipo Elinipendo alipoelewa, akajilaumu kwa kutoelewa mapema. Kwao, baba mkwe hataji mambo ya chini ya kitovu mbele ya mke wa mwanawe. Hata nyumba ikiwaka moto, atatafuta neno lingine. Na siku ile ya kipimo, pale mapokezi, ni yeye Elinipendo aliyesimama kando yake. Mzee angesemaje?

"Baba, kiu imenibana," alisema. "Natoka kidogo nikanunue maji."

Hakuwa na kiu hata kidogo. Alisimama nje ameshika chupa. Alijua mzee asiposema na huyu kijana, atazikwa na ule mfuko.

Aliporudi, aliwakuta wawili hao wameinamiana kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe. Karatasi ya daktari ya kuagiza kipimo ilikuwa mezani.

"Mama, mzee amenieleza, na ameniruhusu nikueleze na wewe," alisema Yassin.

Mzee alirudi kutazama dari, lakini hakukataa.

Yassin akaeleza. Siku ile mzee alikuwa ameificha karatasi ya daktari kwenye mfuko wa ndani wa koti. Pale mapokezi alisema amekuja kwa picha ya tumbo, nao wakaandika hivyo hivyo. Alipoingia chumba cha eksirei na kukuta mhudumu mwanamume, ndipo akaitoa karatasi. Kwa hiyo alipimwa sawasawa. Mwishoni akaletewa fomu ya bima aweke sahihi. Akaona "picha ya tumbo", akafurahi kwamba siri yake imekaa salama, akasaini.

"Shida ni kwamba bima hawamwoni mzee. Wanaona namba," Yassin aliendelea. "Ugonjwa una namba yake, na huduma ina namba yake. Kupiga picha ya tumbo tu ni huduma moja. Kuingiza dawa kwenye njia ya mkojo, ili njia ionekane kwenye picha, ni huduma nyingine. Na zile picha zinazopigwa dawa ikiwa ndani zina namba yake pia. Mzee aliwekewa dawa, na picha akapigwa pia. Sisi tukatuma namba ya picha ya tumbo. Bima wakaona ugonjwa uko huku, kipimo kiko kule."

"Kwa hiyo kosa ni la Baba?"

"La mzee ni dogo. Letu ni kubwa zaidi. Mapokezi walipaswa kudai karatasi ya daktari. Na mimi nilipaswa kulinganisha kabla ya kutuma. Nisamehe, mzee."

"Basi andika namba yoyote watakayoikubali," alisema Elinipendo kwa haraka.

"Hapana, mama. Naandika kilichofanyika, chenye ushahidi wa daktari. Nikiongeza kisichofanyika, huo ni udanganyifu. Nikiacha kilichofanyika, mgonjwa ndiye anayeumia."

Kisha mzee mwenyewe akauliza, "Na mtu mwenye haya afanyeje?"

Yassin akatabasamu. "Huna haja ya kutaja chochote kwa sauti, mzee. Kabidhi karatasi ya daktari, inatosha. Ukiwa na la kusema, omba faragha. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamume, sema. Na kabla ya kusaini, soma. Uliza kama kilichoandikwa ndicho ulichofanyiwa. Kama huoni vizuri, mtu unayemwamini akusomee."

Yassin akachukua karatasi ya daktari na ripoti ya picha, akarekebisha madai. Safari hii mzee alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, ndipo akasaini. Madai yakatumwa upya, pamoja na maombi ya upasuaji.

Kibali kilikuja. Elinipendo alipokea simu akiwa anakata majani ya ng'ombe. Alikaa chini palepale kwenye majani yenye umande, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mzee alipopona kidonda, walirudi kuutoa mpira. Kwanza muuguzi aliufunga, ili waone kama mkojo utapita kwenye njia yake. Mzee akanywa maji, akasubiri, akaenda msalani. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, muuguzi alikuwa anamngoja kando ya kitanda.

Elinipendo akainuka haraka ili awapishe.

"Kaa, Mama Rachel," alisema mzee.

Akakaa. Muuguzi akauliza, "Haya mzee, mkojo umetoka?"

"Umetoka," alijibu Mzee Sifael, kwa sauti iliyosikika mpaka kitanda cha mwisho. "Mkojo umetoka wenyewe, kwenye njia yake, bila kusukumwa na mtu."

Elinipendo alijifunika uso kwa kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka.