Wasio na Miguu wa Bondeni

Kila asubuhi Mama Miche na binti yake huchekecha udongo. Wanauchimba bondeni, pale msitu unapoishia na shamba lao linapoanzia. Wanaumwaga juu ya chekecheke ya waya na kuutikisa. Kisha wanaujaza kwenye viriba, ile mifuko midogo ya plastiki ya kuoteshea miche. Kazi hiyo haina maneno mengi. Mgongo ndio unaosema.

Mama Miche ana miaka sitini, na viatu vyake vya mpira vinamfuata kwa karibu kwa umri. Hayo ni maneno ya binti yake, si yangu. Nyumbani wanamwita Kifungua, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa wa kwanza. Tangu baba yake afariki, miezi minne iliyopita, hutania kila siku ili mama yake acheke. Mara nyingi mama hacheki.

Asubuhi moja Kifungua alitikisa chekecheke. Udongo ulipopungua, kitu kikajikunja juu ya waya. Urefu wake ulikuwa kama kiganja na vidole vyake. Kilikuwa cha zambarau iliyoingia weusi, tena kiking'aa kama kimepakwa mafuta. Hakikuwa na miguu. Macho hayakuonekana. Kichwa na mkia vilifanana.

"Nyoka!" Mama Miche alikamata jembe. "Sogea! Sogea nakwambia!"

Jembe lilishuka mara tatu. Waya ukakatika.

"Mama," alisema Kifungua, "umeua hata chekecheke."

"Afadhali chekecheke kuliko wewe."

Mama Miche aliingia stoo. Akatoka na dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hawana ng'ombe hata mmoja. Dawa hiyo aliipata kwa mfugaji jirani wiki ile ile ya msiba, na tayari alikuwa ameimwaga kwenye vitanda viwili vya miche.

"Leo naimwaga bondeni kwenyewe," alisema. "Huko ndiko wanakozaliana."

"Mama, maji tunayokunywa yanatokea chini ya hilo bonde."

"Na nyoka aliyemuua baba yako alitokea juu yake."

Kifungua alichukua ndoo, akaiweka chini tena.

"Bibi misitu anakuja leo kukagua miche," alisema mwishowe. "Mngoje. Akisema mwaga, nitakubebea dumu mimi mwenyewe."

"Na akisema nisimwage?"

"Tutagombana akiwepo shahidi."

Mama Miche aliketi juu ya dumu, mikono magotini, kama askari wa zamu.

Bibi misitu, yule afisa wa misitu wa kata, alifika saa nne kwa pikipiki, matope hadi magotini. Alisalimia, akatoa pole ya msiba, akaanza kukagua. Kwenye vitanda viwili alisimama. Alivimwagia maji kidogo kwa kopo. Maji yalituama juu, hayakushuka.

"Mama, vitanda vingine vinakunywa maji. Hivi vimegoma. Mmevifanya nini?"

"Nimeviwekea dawa ya nyoka."

"Ipi?"

Mama Miche alisogea kidogo, dumu likaonekana.

"Uliimwaga kwa mikono mitupu?"

"Mikono yangu imeshazoea."

"Mkono hauzoei sumu, mama. Unanyamaza tu." Bibi misitu aligeuza udongo kwa sepetu. Ulikuwa mgumu kama tofali. "Umeua minyoo yote. Ndiyo iliyokuwa inatoboa njia za maji."

"Mwonyeshe yule nyoka," alisema Kifungua.

Kwa kijiti, bibi misitu alikigeuza kile kilichokufa. Alichuchumaa, akakitazama kwa muda mrefu.

"Huyu si nyoka," alisema. "Ni jamaa ya chura."

"Chura?" Kifungua aliuliza. "Na miguu kaiacha wapi?"

"Wazee wake waliiacha zamani mno. Anaishi kwa kuchimba kwa kichwa. Miguu ingemkwaza. Wataalamu wanamwita sesilia. Tazama, mwili umezungukwa na pete, kama mnyoo. Nyoka ana magamba makavu. Huyu ngozi yake ni laini na yenye unyevu. Macho yako chini ya ngozi. Na hapa, karibu na pua, ana kinyuzi kidogo cha kunusia njia. Chakula chake ni minyoo na mchwa. Anapopita, naye anaacha njia ya maji."

"Anauma?" aliuliza Mama Miche.

"Ana meno madogo, lakini meno yake hayatii sumu. Ngozi yake ndiyo huweza kuwasha. Usimshike, na ukimgusa, nawa."

"Basi ni huyu mmoja tu."

"Huyu mmoja!" Bibi misitu alicheka kidogo. "Duniani zinajulikana aina zaidi ya mia mbili, karibu zote za misitu ya joto na kando yake. Wapo weusi, wapo wa buluu, wapo wa waridi, wapo wenye mstari wa manjano ubavuni. Kuna wasiozidi kidole, na kuna wanaopita mita moja. Baadhi wanataga mayai, baadhi wanazaa. Nchi nyingine wako wanaoishi mtoni maisha yao yote. Na aina nyingine ziko kwenye mlima mmoja tu, haziko pengine. Ukimwaga sumu kwenye bonde moja, huenda umefuta ukoo mzima. Sumu inawapata upesi, maana wanapumua hata kwa ngozi."

"Na wakifutika, mimi napungukiwa nini?"

Swali lilikuwa gumu, na bibi misitu hakulikwepa.

"Utapata bonde lililo kama vitanda hivi viwili. Na maji yenye dawa ya ng'ombe. Mengine sijui, mama. Hawa wako chini. Hatujawatazama vya kutosha."

Walishuka bondeni wote watatu. Bibi misitu alipiga kishindo kwa miguu, akaangalia pande zote, ndipo akageuza gogo bovu kwa mpini wa sepetu. Chini ya gogo alikuwapo sesilia mwingine, amejikunja kama kata ya kichwani. Rangi yake ilikuwa imepauka. Ndani ya mkunjo kulikuwa na watoto sita, wembamba kama uzi wa kufumia, na walikuwa wakimng'ata mama yao.

"Wanamla!" alisema Kifungua.

"Wanakula ngozi yake ya juu. Kwa aina hii, ndiyo maziwa yao. Wameota meno maalumu ya kuikwangua. Baada ya siku chache ngozi inaota tena, nao wanakula tena. Mama anakonda, watoto wananenepa. Hawaachi."

"Na mimi nilikuwa hivyo, mama?"

"Wewe ulikuwa zaidi," alisema Mama Miche. Midomo ilitaka kucheka, ikaghairi. Aliinama kwa muda, akitazama. "Mfunike. Jua linampiga."

Bibi misitu alirudisha gogo taratibu.

"Aliyemuuma mzee alikuwa mnene," Mama Miche alisema, bado ameinama. "Wa kahawia, ana madoa. Alikuwa amelala kwenye majani makavu."

"Huyo alikuwa nyoka kweli. Na udongoni pia wamo nyoka weusi wenye sumu, wanaofanana na hawa kwa mbali. Ndiyo maana sikwambii uguse chochote usichokijua. Ukimwona nyoka, rudi nyuma, mwache apite." Alimgeukia Mama Miche. "Mlimfikisha hospitali saa ngapi?"

Kifungua alifungua mdomo. Jibu la familia lilikuwa moja, na msibani waombolezaji wote walilisikia: alikufa papo hapo, hapakuwa na nafasi.

"Hatukumfikisha," alisema Mama Miche kabla yake. "Aliumwa saa tatu asubuhi. Alikufa saa kumi jioni. Tulimkaza kamba mguuni. Nikamchanja kwa wembe. Nikafyonza. Nikapaka majani. Jirani alileta gari mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyesema, ngojeni kwanza, majani yafanye kazi."

Hakulia. Alikuwa akikwangua udongo kwenye kiatu kwa ukucha.

"Angepona?"

"Sijui, mama. Nikisema najua, nitakudanganya, upande wowote nitakaousema. Ninachojua ni kwamba kamba inaozesha mguu, wembe unazidisha kuvuja damu, na kufyonza hakutoi sumu. Aliyeumwa hulazwa atulie. Pete na viatu vinavuliwa. Mguu haufungwi kamba, haukandwi, hauchanjwi. Anabebwa, hatembei, anapelekwa hospitali saa ile ile. Saa zile saba zilipaswa kuwa za barabarani."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna. Hilo ni kosa letu pia."

Kifungua alimshika mama yake mkono. Mara hii hakuwa na utani.

Alasiri ile mama na binti walilirudisha dumu kwa mfugaji, kizibo kimekazwa, wamevaa glavu walizoachiwa na bibi misitu. Vitanda viwili vilivyogoma walivizungushia kamba, wasipande chochote humo mpaka udongo upimwe. Walifyeka majani makavu njiani. Wakaacha ukanda wa hatua ishirini kando ya msitu bila kuuchimba, magogo yake yakibaki palepale. Udongo wa viriba wakaanza kuutengeneza nyumbani kwa mboji.

Jumamosi ya wiki hiyo wakulima wa miche walikutana. Bibi misitu alieleza habari za sesilia, na watu walicheka sana aliposema ni jamaa ya chura. Alipomaliza, Mama Miche alisimama bila kuitwa.

"Mume wangu hakufa papo hapo," alisema. "Niliwadanganya. Aliishi saa saba, na gari lilikuwa mlangoni. Nilizitumia saa hizo kwa wembe na majani. Baadaye nikaenda kuua viumbe visivyo na kosa, nikatia sumu udongo unaonilisha. Nyinyi msipoteze saa. Andikeni namba ya jirani mwenye gari sasa hivi, kabla ya chakula, muibandike ukutani."

Hakuna aliyecheka. Watu waliandika.

Mvua zilipokwisha, fundi matofali wa mtaa wa chini aliumwa na nyoka kifundoni. Mkewe na wenzake walimlaza juu ya mlango waliouchomoa, wakapiga ile namba. Baada ya dakika arobaini alikuwa mikononi mwa daktari. Wiki ya tatu alikuja kwa Mama Miche akiegemea fimbo, mguu bado umevimba.

"Nimekuja kununua mche mmoja," alisema. "Lakini kwanza nikuamkie. Mke wangu alishashika wembe, mama. Akakumbuka maneno yako ya ule mkutano, akautupa chooni."

Mama Miche alimtazama mguu, kisha uso.

"Keti," Kifungua alimwambia fundi, akimsogezea kigoda. "Ukisimama hivyo, mama atafikiri umekuja kumtongoza."

Mama Miche alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hakuyafuta.