Saini Thelathini na Moja

"Mchwa, sikia. Kata waya mwembamba. Kabla ya saa tisa."

Sauti ilikatika sikioni.

Mchwa alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, bisibisi mdomoni. Kwa wiki moja kampuni hii kubwa ya simu ilimjua kama fundi wa viyoyozi, na kwa kuwa fundi hatazamwi usoni, hakuna aliyemjua zaidi ya hapo. Ndani ya kisanduku cha vifaa, chini ya mtungi wa gesi, bastola ya Glock 19 ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa cha grisi.

Alitazama Casio yake. Saa nane na dakika thelathini na nne mchana.

Waya mwembamba ulikuwa umeketi mita tatu chini yake. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa chuo, wiki ya saba, siku ya thelathini na moja ya mafunzo kwa vitendo. Hakuna aliyejisumbua kumwuliza jina. Wote walimwita Mwanagenzi.

Kumkata maana yake kumtoa ndani ya jengo, kwa miguu yake au kwa machela. Makao makuu hawakujali ipi.

Sababu walikuwa nayo. Watu watatu waliona makasha ya bunduki yakiingizwa nchini kwa jina la vyerehani. Idara ya usalama, aliyoitumikia Mchwa, iliwaficha, ikampa kila mmoja simu mpya yenye laini ya kampuni hii. Wa kwanza alikutwa amechinjwa mafichoni humohumo. Wa pili vivyo hivyo, siku nane baadaye. Wa tatu, mtunza bohari, aliogopa hadi walinzi wake, akawatoroka, na sasa hakuna aliyejua alipo. Lakini alikuwa na mke, na mapenzi hayana adabu. Kila siku saa tisa kamili aliwasha simu, akaongea na mkewe dakika mbili, akazima. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta za chumba hiki angemwona alipo kabla hajamaliza salamu.

Na kompyuta zilisema wazi: iliyowatafuta marehemu wote wawili ni akaunti ya Mwanagenzi.

Mchwa alishuka.

"Shikamoo, fundi. Nikushikie ngazi?"

"Marahaba. Endelea na yako, binti."

Alikuwa anapiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu kwenye daftari gumu. Mchwa alisogea nyuma yake. Mkono mmoja tayari ulikuwa ndani ya kisanduku.

"Unaandika nini kwa makini hivyo?"

"Kitabu cha mafunzo. Kila nilichofanya naandika, bosi anatia saini, chuo kinasahihisha. Sijaruka hata siku moja, fundi. Wenzangu watajaza wiki ya mwisho, wadanganye vizuri."

Mchwa alisoma ukurasa uliokuwa wazi.

*Jumanne. Nilipewa namba ya simu nipime nguvu ya mtandao. Mnara wa tisa, mita 340. Nimejifunza kuwa mnara unaweza kumwona mtu hata akiwa amejifungia ndani.*

Namba iliyoandikwa pembeni aliijua kwa moyo. Ilikuwa ya shahidi wa pili, aliyezikwa Alhamisi.

Chini yake kulikuwa na saini kubwa ya bluu, ya mtu anayejipenda.

Mkono ulitoka kisandukuni mtupu. Msaliti gani huandika usaliti wake kwa rula, akapeleka usahihishwe?

"Nani anakupa namba hizi?"

"Bosi wa chumba. Kwenye kikaratasi, halafu anakichukua." Akatabasamu. "Wanagenzi wengine wanatumwa chai. Mimi kanifungulia akaunti yangu kabisa. Anasema nina kichwa."

"Naye husoma unachoandika?"

Msichana alicheka. "Bosi? Anasaini huku anaongea na simu. Hata nikiandika nimemla paka, atasaini."

Mchwa alisogea kando, akainamia kifungo cha shati kilichoficha kipaza sauti. "Waya si huu."

"Una uhakika?" sauti ya sikioni iliuliza.

"Nina saini yake."

"Dakika ni zako, Mchwa. Na lawama."

Zilibaki kumi na saba. Kampuni isingeweza kuombwa msaada bila bosi kujua. Vidole vilivyobaki vya kumpata mtunza bohari vilikuwa hivi vilivyoshika rula.

Alimwambia. Hakupamba. Wenye namba zile walikuwa mashahidi, wamechinjwa, na leo ni zamu ya wa tatu.

Rula ilianguka sakafuni.

"Mimi nilikuwa napima mtandao," msichana alisema. Alisema tena. Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mchwa alimwonea huruma, na huruma ilimuudhi. "Utalia saa tisa na nusu. Sasa hivi nataka vidole vyako. Bosi akija, itafute namba kama kawaida. Ukishaona mahali, kohoa, nitakuzimia skrini. Umwambie mnara wa arobaini na moja, mita mia sita."

"Kuna nini huko?"

"Machimbo ya kokoto. Na vijana wangu."

Saa tisa kasoro dakika nne, Mchwa akiwa amerudi juu ya ngazi, mlango ulifunguliwa.

Bosi wa chumba alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kijiti cha meno mdomoni. "Mwanangu, upo? Leo namba moja tu." Akatazama juu. "Na wewe fundi, hiki chumba kinapoa lini? Au unatupika?"

"Kinapoa leo, bosi."

Kwa kawaida aliacha kikaratasi akaenda zake. Leo hakwenda. Alisimama nyuma ya kiti cha msichana, simu mkononi, akiegemea kana kwamba anamsomesha mtoto wake.

Saa tisa.

Skrini ilikuwa tupu.

Kidoa cha kijani kiliwaka.

Alikohoa.

Mchwa alichomoa bomba. Maji machafu ya kiyoyozi yalimwagika juu ya skrini, ikalia, ikawa nyeusi.

"Mshenzi wewe!" Bosi aliruka nyuma akipangusa shati. "Umeona, mwanangu? Umeona kabla haijazima?"

"Nimeona, bosi. Mnara wa arobaini na moja. Mita mia sita."

Sauti yake haikutikisika. Mchwa alijua maofisa wenye medali wasioweza hilo.

Bosi alishaanza kupiga simu. "Arobaini na moja, mia sita. Ndiyo. Sasa hivi." Akamgeukia msichana, simu bado sikioni. "Andika nikusainie kabisa. Leo Ijumaa, sitaki kusumbuliwa Jumatatu."

Msichana alifungua kitabu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kitabu amekigeuza kidogo kuelekea ngazi.

*Mnara wa kumi na saba. Mita 210.*

Bosi alitia saini akitazama ukutani.

Mchwa alirudisha kichwa ndani ya dari, akakinong'oneza kifungo. "Kumi na saba. Mia mbili na kumi. Mchukueni. Wageni wanakwenda kwenye kokoto."

Dakika ishirini na sita zilipita. Alikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Kisha sikio likafufuka.

"Wageni watatu. Mmoja bado anapumua. Mtunza bohari tunaye, kwa dada yake, chini ya kitanda."

Bosi naye alikuwa amepigiwa simu. Aliisikiliza, akaiweka mfukoni, akachukua koti. Mchwa alimkuta mlangoni pa lifti, akamgusisha mtutu wa Glock mbavuni, taratibu.

"Chumba kimepoa, bosi."

"Akaunti ni ya yule mtoto." Kijiti cha meno kilimdondoka. "Yeye ndiye aliyetafuta! Angalieni kompyuta!"

"Tumeangalia. Saini ni zako, thelathini na moja."

Wawili waliovaa suti walitoka ndani ya lifti, wakaingia naye.

Msichana alikuwa ameketi kwenye ngazi za dharura, mikono mapajani. Kitabu kilishachukuliwa. Alikuwa bado hajalia.

"Fundi. Wale wawili wa mwanzo." Alitafuta maneno. "Walikuwa na watoto?"

Mchwa alikuwa amesoma mafaili yote mawili. Wa kwanza aliacha watatu. Wa pili aliacha kichanga ambacho hakijafikisha arobaini.

"Hawakuwa nao," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu."

Msichana aliitika kwa kichwa, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Mchwa aliweka ngazi begani, akashuka ghorofa nne bila haraka, akamuaga mlinzi getini, akavuka barabara.