Mota ya Shangazi

Walikutana wakigombania keekee, na mwenye akili angeona tangu siku ile kwamba mapenzi hayo yangekuwa na makelele.

Ulikuwa mchana, duka la vifaa limefurika mafundi, kila mmoja anapaza sauti kumzidi mwenzake. Muuzaji alikuwa ameinua pakiti ya mwisho ya keekee za kutobolea chuma, nyembamba kama sindano, na mikono miwili ikaidaka kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa fundi miwani, dada aliyevaa gauni la kijani lililopigwa pasi likapigika, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Wa pili ulikuwa mweusi kwa grisi hadi kwenye kiwiko, na mwenyewe alikuwa ndani ya ovaroli iliyosahau rangi yake ya kwanza.

"Kaka, mimi nimeshaiomba," dada alisema.

"Na mimi nimeshaishika," kaka akajibu, akitabasamu bila aibu.

Kisha akamuuliza dada mzuri kama yeye anatoboa nini na vitu vile. Dada akamwambia: mikono ya miwani. Naye akamrudishia swali, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu yule bwana alianza na hakuna aliyeweza kumzuia. Alikuwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine inayozunguka, katika kiwanda cha mabomba, na nyumbani alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kukereza, kuukuu lakini nzima. Alitaka kutengeneza vichwa vya shaba vya majiko ya gesi, vyenye tundu jembamba katikati. Shida ni kwamba mashine ile ilizunguka polepole mno kwa keekee ndogo. Keekee ndogo inataka mbio, ama sivyo inakwama na kukatika. Basi alikuwa anatengeneza kifaa cha kupachika juu ya mashine, chenye mhimili wake mdogo na mkanda wake, kizunguke kwa mbio za ajabu.

"Nikikusikiliza hadi mwisho watatufungia humu," dada alisema. Wakagawana pakiti, wakapeana namba za simu, eti zikikatika waambiane.

Jioni simu ililia.

"Zimekatika," mkerezaji alisema.

"Zote?"

"Zote. Nimebaki na namba yako tu."

Fundi miwani alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Tangu hapo akawa wake. Bwana yule akambatiza Macho, na yeye akambatiza Bwana Kesho, maana hakuna siku aliyoulizwa habari za kifaa chake akajibu neno jingine. Kesho kitakuwa tayari. Kesho nitakuonyesha. Na kwa swali lile lingine, ambalo Macho hakuliuliza kwa mdomo bali kwa kunyamaza, jibu lilikuwa hilo hilo: kifaa kikikubali, vichwa vikauzika, hapo atakuja kusema linalosemwa. Macho alichoka kugombania nafasi na kipande cha chuma.

Sasa, Macho alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, mama wa maneno machache na macho makali. Shangazi alikuwa anajiandaa kuhamia kwa mwanawe, mji wa mbali, na alishanunua kitambaa cheupe akakikunja juu ya kiti. Hakuna aliyekuwa amemposa mtu. Shangazi alisema kitambaa hakina haraka ila yeye anayo, na gauni la harusi la binti yake halitashonwa na mgeni. Kisha cherehani yake ya umeme ikazima.

Macho akaona hiyo ni bahati. Alimleta mkerezaji, naye akamwamkia shangazi kwa adabu zote, akaibeba cherehani begani kama mtoto wa nyumbani. Furaha ikaishia hapo. Shangazi alipouliza, akaambiwa inasubiriwa spea. Akiuliza tena, kesho. Kitambaa kikaanza kushika vumbi kwenye mikunjo, masanduku yakaanza kufungwa, na kila mlo ukawa kesi. Shangazi alikuwa anamuuliza Macho kama huyo mtu wake ni fundi au ni mwimbaji. Macho alikuwa anamtetea: spea ni adimu, duka limeagiza, yeye mwenyewe ameiona risiti. Risiti hakuiona. Alisema tu, kwa sababu mapenzi humfanya mtu awe wakili bila kulipwa.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana alifunga kibanda chake, akaenda kwa mkerezaji bila kupiga simu. Chumba cha nyuma kilinuka mafuta na shaba iliyoungua, sakafu imejaa vinyweleo vya chuma kilichokerezwa, vinavyong'ata viatu. Mashine ya kukereza ilikuwa inanguruma. Juu yake kilikuwa kile kifaa, kidogo, kinang'aa, mkanda unakimbia usionekane. Mkerezaji alimwona akafurahi kikwelikweli. Akamvuta mkono aje atazame.

"Umekuja saa yake, Macho. Mwanzo ilikuwa inazunguka kinyume, keekee inasugua tu haikati, kumbe ni kwa sababu mota nimeigeuzia mgongo. Nikabadilisha nyaya mbili, basi. Sikiliza inavyoimba."

Macho alisikiliza. Mlio ule aliujua. Alilala nao na kuamka nao tangu utoto, nyuma ya pazia la chumba cha shangazi. Akageuka, akaiona cherehani pembeni, imefunikwa gunia, ubavuni ina tundu tupu.

"Mota hii ni ya nani?" aliuliza.

Mkerezaji alizima mashine. Aliifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena.

"Ya shangazi. Iliharibika makaa tu, vile vijiti vya kupitisha umeme, nikayabadilisha siku ile ile. Nikasema niijaribu kidogo kabla sijairudisha, maana ina mbio, Macho, hujui ina mbio kiasi gani. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

"Siku ile ile."

"Ni kwa ajili yetu. Nataka nije kwenu nikiwa na kitu mkononi."

"Mimi nimekaa mezani kwa shangazi nikakutetea," Macho alisema. "Uongo wako nimeusema kwa mdomo wangu. Yule mama hajanidanganya tangu anibebe mgongoni."

Aliondoka bila kuaga, vinyweleo vya chuma vimemnasa kwenye pindo la gauni. Kibandani alifunga miwani ya mteja ikakaa upande, akaifungua, akaifunga tena ikakaa upande. Simu ililia na kulia. Alipoipokea, alimwambia mkerezaji neno moja tu: hataki kusikia sauti ya mtu, anataka kusikia cherehani.

Jumamosi mkerezaji alifika na cherehani begani. Ovaroli haikuwepo. Alivaa shati jeupe lililochomekwa, viatu vimepigwa rangi, na kucha zake zilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa. Macho alikuwa amekaa dirishani, hakugeuka hata kumsalimia. Shangazi alitunga uzi. Desturi yake ilikuwa kujaribu kwanza kwenye kipande kibovu, na Macho alishaandaa kimoja, lakini shangazi alikisogeza pembeni akachukua kitambaa cheupe.

"Aliyetengeneza anasema imepona," alisema. "Basi nitaamini."

Akakanyaga.

Gurudumu likazunguka kinyume. Uzi ukajikusanya chini, sindano ikakatika, na pembe ya kitambaa cheupe ikamezwa na meno ya cherehani. Shangazi aliinua mguu. Mkerezaji alikuwa amefumba macho, na Macho alijua amekumbuka nini. Nyaya mbili. Alizigeuza kwa ajili ya keekee, akarudisha mota, akasahau kuzirudisha zilivyokuwa.

"Labda hiyo spea waliyokuuzia ni mbovu," shangazi alisema taratibu. "Siku hizi maduka yanauza takataka."

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, jamani. Uliachwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni mwenye mali mwenyewe. Ilikuwa ni kuitikia tu, kulaani wauza maduka, na habari iishe. Macho alimtazama mkerezaji, na alijua kwamba bwana huyo akiitikia, yeye Macho atasimama hapo dirishani, atamwambia kwaheri na hatampokelea simu tena maisha yake yote.

Mkerezaji alimgeukia shangazi.

"Hakuna spea, shangazi," alisema. "Cherehani yako ilipona siku ile ile niliyoichukua. Nilichomoa mota, nikageuza nyaya zake mbili, nikaitumia kwenye kazi yangu, nikawa nakudanganya. Na huyu naye nilimdanganya, yote aliyokwambia aliyatoa kwangu."

"Risiti nilijitungia mwenyewe, shangazi," Macho alisema kutoka dirishani.

Shangazi aliwatazama wote wawili kwa zamu. Alikichambua kitambaa kutoka kwenye meno, akakinyoosha gotini. Palikuwa na tundu dogo, limechanikachanika.

"Zigeuze hizo nyaya," alisema.

Mkerezaji alijipapasa mifukoni. Fundi mzima, kwa kutaka kupendeza, alikuja bila bisibisi. Alivyosimama pale na shati lake jeupe, Macho alitamani kumpiga na kumkumbatia, hakujua kipi kianze. Akafungua mkoba, akatoa bisibisi yake ya miwani, akavaa miwani yake, akaja kumshikia kifuniko. Vichwa vyao vilikaribiana. Nyaya zikageuzwa, sindano ikabadilishwa, shangazi akakanyaga, na cherehani ikaimba wimbo wake wa zamani.

"Tundu hili litaingia ndani ya pindo," shangazi alisema, akiendelea kushona. "Watu hawataliona. Nyinyi wawili mtajua liko wapi."

Mkerezaji alimgeukia Macho. Kifaa kile hakina mota tena, alisema, na vichwa vya majiko hata kimoja hakijauzwa, na mkononi hana kitu.

"Nimekuja hivi hivi," alisema. "Nikuoe?"

Macho alivua miwani akaiachia kifuani.

"Nitakujibu kesho," alisema.

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu masanduku yafungwe. Mkerezaji hakucheka. Alienda zake ameinamisha kichwa.

Kesho yake Macho alifika kwenye chumba cha nyuma amevaa lile gauni la kijani, amebeba kitu kizito kilichofungwa kwa taulo. Alikiweka juu ya meza ya mashine. Ilikuwa mota ya zamani ya jiwe lake la kunolea vioo, aliyoiweka chini ya kaunta tangu aliponunua mpya.

"Hii ni yangu," alisema. "Ukitaka kuichomoa, unaniomba. Ikikataa, unaniambia imekataa. Neno kesho sitaki kulisikia ndani ya nyumba yetu."

Mkerezaji aliishika mota kwa mikono miwili.

"Nyumba yetu," alisema.

"Funga mkanda," Macho akamwambia. "Na uangalie kwanza inazunguka upande gani."