Dawa Zangu Si Zawadi

Gari la Koboko lilikuwa limekwisha kutoka stendi ya Arua, limeshika barabara, ndipo Hawah aliposikia bodaboda ikipiga honi ubavuni kama imeingiwa na wazimu.

"Mama wa nguo ya zambarau! Chai yako!"

Alichungulia dirishani. Nyuma ya dereva wa boda alikaa mwanamume mrefu, ovaroli imetobolewa na cheche, miwani ya kuchomelea chuma bado iko kwenye paji la uso. Ameinua thermos nyekundu hewani kama kombe. Hawah akapapasa mkoba wake. Thermos haikuwemo.

"Dereva, simama!"

"Hapa hatusimami, mama."

"Simama, ama naruka ikitembea!"

Gari likasimama. Yule mwanamume akaja dirishani anahema. "Uliacha kwa benchi. Hii chai lazima iko na maziwa mingi, vile nimeifukuzia."

"Si chai." Hawah akafungua kifuniko amwonyeshe: barafu, na katikati, ndani ya kitambaa, vichupa vya insulini. "Niko na sukari. Bila hii, mimi siko."

Mwanamume alivitazama vile vichupa. "Basi nimebeba mutu mzima kwa mkono moja. Mimi naitwa Kenyi. Nipe namba, nijue kama umefika."

"Unaomba namba za wanawake barabarani?"

"Wale wanaosimamisha gari tu."

Abiria wakacheka. Hawah akampa.

Mapenzi yao yalianza kwa simu, na Kenyi alimwita habiba, yaani mpenzi. "Habiba, umekula?" "Nimekula." "Umejichoma sindano?" "Kenyi, uliza kitu kingine, mimi si wodi." Kila Ijumaa Kenyi alifunga karakana yake ya mageti pale Arua, akavaa shati lililopigwa pasi, akapanda kwenda Koboko. Hawah alimngoja amejifunga gurbaba, ile nguo pana ya wanawake wa Kinubi, inanukia udi hadi mlangoni. Walitaniana, wakala, wakaangaliana kama watu wasio na shida.

Shida ilikuwepo, na Hawah hakumficha. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa sabuni, akapeleka mzigo mzima ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, kwa mkopo. Vita vikazuka, wanunuzi wakatawanyika, na mzigo ukaenda na upepo. Mahakama ikamtangaza amefilisika. Sasa alikaanga maandazi sokoni Koboko, na kila alichopata, baada ya mahitaji ya lazima, kilichukuliwa kugawiwa wadai. Wa kuamua lipi ni la lazima alikuwa Bwana Obitre, msimamizi wa ufilisi, mpole wa maneno, mgumu wa mkono.

Siku ya kikao na wadai, Arua, Hawah alitaja haja zake amesimama. Chakula. Kodi ya chumba. Insulini, sindano, kipimo cha sukari, daktari wa macho, na viatu laini, maana miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi.

Tahiru, aliyekuwa akimuuzia sabuni kwa jumla, akaruka. "Viatu! Mutu amekula mali yangu, sasa anataka viatu! Si aende hospitali ya serikali, dawa iko bure?"

"Iko bure siku ikiwepo," alisema Hawah. "Siku haipo nife nikingoja? Maiti atakulipa, mzee Tahiru?"

Obitre akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ilikuwa inashuka kwenye karatasi, ndipo Kenyi akasimama kule nyuma, kifua mbele.

"Msigombane. Dawa zake nitanunua mimi. Zote. Huyu ni mutu wangu."

Watu wakapiga makofi. Obitre akainua kalamu. "Kama yuko mtu wa kununua, hilo si hitaji la mfuko wake tena. Tunaliondoa." Tahiru alitabasamu mpaka meno ya nyuma.

Nje, Kenyi alikuja amefungua mikono. "Umeona? Nimekuokoa."

"Umeninyang'anya."

"Nini?"

"Ilikuwa yangu, Kenyi. Nimeipigania kwa mdomo wangu. Sasa siku tukigombana, nitakuomba sindano? Siku ukichoka na mimi, nitapiga magoti?"

"Sasa kupenda iko kosa?"

"Kupenda ni kuniuliza kwanza."

Akaondoka. Kenyi alipiga simu asubuhi, mchana na jioni, haikushikwa. Akatuma insulini kwa bodaboda. Ikarudi na boda ileile, haijafunguliwa. Hawah aliyumba sokoni, midomo imekauka, akipunguza dozi ili akiba isiishe. Akampigia Obitre. Obitre akajibu kwa upole wake: neno lililosemwa mbele ya wadai, aliyelisema alirudishe mbele yao.

Hapo ndipo alipompigia Kenyi.

"Unataka kunisaidia kweli?"

"Sema tu, habiba."

"Simama palepale. Useme hutanunua."

"Watasema nimeishiwa. Ama nimekukataa. Hata mama yangu kule Midia atasikia. Watanicheka, Hawah."

"Wacha wacheke. Mimi nitakuwa hai nikiwasikia."

Kikao kilichofuata Kenyi alikuja na ovaroli yake, hakupiga pasi kitu. Akasimama. "Ile dawa, sinunui."

Kicheko kikajaa chumba. "Pesa imekwisha, kijana?" akauliza Tahiru. "Ama mapenzi?"

"Vyote iko. Lakini dawa si zawadi ya mwanaume. Ni yake, kama hewa. Mkitaka awalipe, mwacheni aishi kwa jasho lake. Sasa chekeni."

Obitre aliandika kila kitu, na viatu juu yake.

Nje, Hawah alimshika mkono mbele ya watu. Hakuwa amewahi.

"Wanacheka bado," alisema Kenyi.

"Basi nioe kabla hawajamaliza."

Kenyi akapepesa macho. "Na mahari? Nikikupa dhahabu, si Tahiru atachukua?"

"Atachukua. Niletee friji ndogo ya insulini. Nimeshamuuliza Obitre: hiyo ni ya dawa, mdai haigusi."

"Mwanamke, wewe iko na kichwa ngumu."

"Ndiyo inakupendeza."

Wakaoana Koboko, kwa pilau na maandazi ya bibi harusi mwenyewe. Tahiru alilipwa sehemu, si yote, akafungua duka la saruji. Obitre alihamishiwa wilaya nyingine. Mama yake Kenyi alikasirika, kisha akazoea. Hawah alitoka kwenye ufilisi, akarudi kwenye sabuni, na hakopeshi tena. Jicho lake moja lilipungua nguvu. Miguu yake yote miwili ipo. Kenyi bado anachomelea mageti Arua, na dawa za mkewe hajanunua hata mara moja.